Nguruwe wa Jumapili

Nguruwe pori wa kwetu Ibaba waliijua Jumapili kuliko baadhi ya waumini. Tulipohamishiwa kijijini, nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara na mashamba yakabaki huko juu tulikotoka. Siku za kazi kulikuwa na watu na kelele kila upande. Jumapili sote tulikuwa kanisani tunaimba, nao wanakula mahindi yetu kwa raha zao. Wanaume waliomba ruhusa ya kuwawinda siku hiyo. Wazee wa kanisa wakakataa: atakayewinda Jumapili atatengwa, na mwanawe hatabatizwa mpaka mwaka upite. Aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba mkwe wangu, mkubwa wa wazee hao.

Mwanangu wa kwanza alikuwa amebakiza wiki moja tu abatizwe. Mume wangu alikuwa amekwenda Tunduma tangu Ijumaa kutafuta kitambaa cheupe, maana enzi hizo duka la kijiji lilikuwa na chumvi na mizani tu. Nilikuwa na uchungu na mahindi yangu. Basi Jumapili ile nikasingizia kuumwa kichwa, nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda shambani kulinda.

Nikiwa katikati ya mahindi nilisikia mabua yanavunjika, kisha mguno, kisha kishindo. Nikachungulia. Nguruwe alikuwa chini, na mkuki wa mume wangu, ule tuliokuwa tunauacha kwenye kibanda cha kulindia, umemzama ubavuni. Aliyeushika alikuwa baba mkwe, ambaye asubuhi ile alituma salamu kanisani kwamba ana homa.

Kwetu Wandali mkamwana hamtazami baba mkwe, hapiti njia yake, hataji jina lake, wala wawili hao hawasemezani. Nilichuchumaa palepale na kujifunika kanga uso mzima. Mtoto naye akaona hapo ndipo pa kupiga chafya. Nikasikia hatua za mzee zikisimama, kisha zikiondoka mbio, tena mbio za mtu mwenye afya njema kabisa. Mimi sikuweza kumwita, wala yeye hakuweza kuniomba ninyamaze.

Njia ya mkato kutoka barabara kuu ya Tunduma ilipita kando ya shamba letu. Saa sita mume wangu akafika na kifurushi chake, akanikuta nimekaa karibu na mzoga.

"Ee mama! Umemuua wewe?"

Ningesema nini? Kusema ni mimi ni uongo, na kumtaja baba yake ni mwiko. Nikainamisha kichwa, naye akaelewa alivyoelewa. Alinitazama kwa heshima ambayo sijaiona tena tangu siku ile. Kisha, sijui ni uchovu wa safari au furaha ya nyama, akajitwika nguruwe mabegani na kushuka naye kijijini, akakutana uso kwa uso na watu wanaotoka kanisani.

"Nani ameua?" mwinjilisti aliuliza.

"Mimi," akasema mume wangu, ili nisitengwe mimi.

Siku tatu chakula hakikupita kooni. Nilimkasirikia yule mzee, niseme ukweli, hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Kitambaa cheupe kilikaa juu ya sanduku, na kila nikikiona machozi yalinilengalenga.

Jumatano wazee wakakutana kanisani. Nilikaa mlangoni na mtoto wangu, nimewapa mgongo kama desturi inavyotaka. Mwinjilisti akaeleza kosa, mume wangu akakiri tena. Ndipo nikasikia sauti ya baba mkwe.

"Bwana mwinjilisti, mkamwana wangu aliona kila kitu."

Nikavuta kanga usoni.

"Lakini hawezi kusema. Amenistahi siku tatu, na mimi nimejificha nyuma ya heshima yake. Nguruwe nilimuua mimi."

"Na ile homa, baba?" mwinjilisti akauliza.

"Ilikuwa homa ya mahindi."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote. Walibishana mpaka jua likaelekea magharibi, wakaamua hivi: aliyekwenda msituni kutafuta mnyama siku ya Bwana amewinda, na aliyemkuta kwenye mahindi ya nyumbani kwake amejitetea, hatengwi. Sijui kama ilikuwa hekima au woga wa kumtenga mkubwa wao. Sikujali. Nilishusha pumzi mpaka mtoto mgongoni akashtuka, nikaenda nyumbani, nikala ugali wa watu wawili.

Jumapili mwanangu akabatizwa, amevaa nguo yake nyeupe. Wakati wa sala ya mwisho mbwa wakaanza kubweka upande wa mashamba. Mwinjilisti akasita kidogo, akasema amina mapema kuliko kawaida, na benchi za wanaume zikabaki tupu. Mimi nilibaki nimekaa, mwanangu ana maji kichwani, ninacheka ndani ya kanga. Aliyetangulia kutoka sikumtazama, lakini hatua zake za mbio nilizijua.