Ndege ya Innocent Kwenye Uwanja wa Mgeta

Sogeeni karibu, habari yenyewe haina haraka. Ni ya Fidelis, fundi wa pale Bigwa, yule anayetengeneza mashine za kufyekea majani, pampu za maji na misumeno ya injini. Mtu wa maneno machache, kucha nyeusi kwa oili, na sikio ambalo watu walilitegemea. Ulikuwa ukiwasha mashine yako nyumba ya tatu kutoka kwake, anakwambia ugonjwa wake kabla hujafika.

Mwezi wa saba mwaka jana alimzika mwanawe, Innocent, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa anasoma Mzumbe. Homa ya siku sita, basi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo Innocent alizikwa juu Mgeta, kwao Winfrida, mama yake, na vitu vyake vikasubiri arobaini. Siku hiyo mjomba wake, Ignas, ndiye angevigawa. Baba hana neno hapo. Na Fidelis hakuwa na neno juu ya nguo, wala simu, wala kitanda. Kilichomkaa moyoni ni kitu kimoja: ndege.

Ilikuwa ndege ya kuongozwa kwa rimoti, mabawa ya mita mbili, imechongwa kwa lile povu jeupe wanalofungia televisheni na kutiwa mifupa ya mianzi. Innocent aliijenga mwaka mzima. Kila kitu alikuwa nacho isipokuwa injini, na injini alimwomba baba yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fidelis alimjibu kwamba injini za watu zinalima, hazichezi. Kijana akaifunika ndege yake kwa kanga ya mama yake, akarudi chuoni. Baada ya hapo ikaja homa.

Basi Fidelis akaweka nia. Ndege itaruka mara moja, Winfrida aione, halafu ndiyo mjomba aichukue. Alimwambia jirani, "Iende kwao ikiwa ndege. Isiende ikiwa boksi."

Akaanza kuchagua injini. Ya msumeno ilikuwa na nguvu kupita kiasi, lakini nzito. Alipoiegesha puani mwa ndege na kuibeba ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, pua ilianguka mbele kama mtu anayesinzia kanisani. Ya bomba la kupulizia dawa ilikuwa nyepesi ila ringi zake zimechoka. Ikabaki ya mashine ya kufyekea majani, cc ishirini na sita. Akaivua klachi na vyuma vyote visivyo na kazi, akaifunga kwenye ubao, akachonga pangaboi la mninga na kulisawazisha juu ya msumari, akikwangua upande mzito kwa kipande cha chupa mpaka likatulia. Safari hii alipoibeba kwa vidole, ndege ilikaa sawa. Wanasema alibaki ameishikilia hivyo muda mrefu.

Kuitega, yaani kuipimia petroli na hewa mpaka ilie sawa, ndiyo kazi. Kabureta ina skrubu mbili, moja ya mwendo wa chini na moja ya mwendo wa juu. Ukikaza ya juu unapunguza petroli, injini inalia kwa sauti nyembamba, na ukizidisha inaungua. Ukilegeza, petroli inazidi, inakohoa na kutoa moshi. Fidelis alikuwa anaiwasha, anaipandisha mpaka mwisho, anakaza kidogo kidogo hadi mlio ukawa safi, kisha anarudisha nyuma kidogo. Halafu anaiinua ndege pua juu, kama inapanda mawinguni. Mwanzoni ikiinuliwa hivyo ilififia. Akalegeza skrubu ya juu robo ya mzunguko, ikaacha kufifia. Siku mbili kabla ya arobaini ilikuwa inalia sawasawa, pua juu, pua chini. Majirani wakatoka kusikiliza, hakuna aliyetania.

Aliyetakiwa kuirusha ni Nasra, binti aliyesoma darasa moja na Innocent, ambaye ndiye aliyemfundisha marehemu kushika rimoti. Wakapanda pamoja na lori linalokwenda kupakia kabichi, ndege imelazwa juu ya magunia matupu. Kwenye kona Nasra aliikumbatia kwa mikono yote miwili.

Siku ya arobaini yenyewe walifika saa nne asubuhi, uwanja wa mpira wa pale misheni umekauka na mbingu safi, haina wingu. Watu walikuwa wametoka kwenye misa. Winfrida, ambaye hakuwa ameshuka Bigwa tangu mazishi, aliletewa kigoda pembeni ya goli. Ignas akasema wana muda, lakini wasikae sana, maana kule ukungu ukishuka mchana haumpigii mtu hodi.

Fidelis akavuta kamba. Injini ikawaka, ikabwata, ikatoa moshi mzito. Alipoipandisha haikupanda, ikawa inagugumia kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Akaizima. Akafungua plagi, akaikuta imelowa, nyeusi. Akasema petroli ina maji. Wakamwaga, wakatia nyingine. Ikabwata vilevile. Akasema plagi imekufa, akafunga mpya. Vilevile. Hapo akakumbuka dawa iliyoiponya injini kule Bigwa, akalegeza skrubu ya juu robo nyingine. Injini ikazima kabisa.

Nasra alichuchumaa karibu yake. "Shikamoo yangu ya asubuhi niikumbushe, nisije nikaonekana sina adabu," alianza kwa utani wa woga. "Baba, Inno alikuwa anasema kuhusu hewa ya huku..."

"Binti, mimi nafanya kazi hii tangu hujazaliwa."

Nasra akatazama mlimani. Kwenye mgongo wa mlima ulishatokea mstari mweupe, mwembamba kama uzi.

Fidelis alifungua kabureta yote. Akaisafisha, akapuliza vitundu kwa mdomo, akaifunga. Saa nzima ikaisha hapo. Wazee wakaanza kukohoa kile kikohozi cha adabu. Ignas alikuja mara mbili, akamwita shemeji kwa upole, akarudi alikokaa. Fidelis akaiwasha tena, ikabwata, na akabaki amepiga magoti, bisibisi mkononi, bila kuigusa skrubu.

"Alisema nini?" akamuuliza Nasra bila kumtazama.

Nasra akamwambia. Innocent alikuwa anasema hewa ya Mgeta ni nyepesi kuliko ya chini, kwa hiyo petroli inayotosha Bigwa huku inazidi, na mashine zote ambazo baba yake anazitega karakanani zikifika juu zinalewa. Alisema alimwambia baba yake, na baba yake akamjibu kwamba chuo kimemjaza upepo.

Fidelis alikumbuka. Hata mahali walipokuwa wamesimama alipakumbuka.

Akakaza skrubu ya juu, kidogo sana. Moshi ukapungua. Akakaza tena. Mgugumio ukaanza kukatika. Akairudisha ile robo yote aliyoilegeza kwa kiburi, akaongeza na nyingine ndogo, na ghafla injini ikatoa ule mlio safi, wa mfululizo, ukapiga upande wa pili wa bonde na kurudi. Watu wakasimama. Akainua pua juu, haikufifia.

Aligeuka kumpa Nasra ishara, akakuta Nasra ameishusha rimoti. Goli la upande wa pili halikuwepo tena. Ukungu ulikuwa umefika katikati ya uwanja.

"Sitaiona, baba," Nasra alisema, machozi yakimtoka. "Ikipita pale tu, sitaiona. Nitaiangusha kwenye mashamba ya watu."

Ignas alisema kwa sauti ya chini kwamba wageni wengine wana safari ndefu, na mgawo hauwezi kungoja kesho. Fidelis akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo Winfrida akaondoka kwenye kigoda, akaja mpaka walipo.

"Usiizime, Baba Inno," akamwambia. "Nimeisikia vizuri. Iache."

Basi akaiacha. Akaishika mkia ndege ya mwanawe ndani ya ukungu, pangaboi linapeperusha majani na kanga za akina mama, mpaka petroli ikaisha na injini ikazima yenyewe. Alimwambia mkewe, mbele ya shemeji yake, kwamba mtoto alimwambia na yeye hakusikia. Winfrida akamfuta oili iliyokuwa shavuni kwa ncha ya kanga.

Mgawo ukafanyika. Ndege ikaenda kwa Ignas, kama ilivyotakiwa. Ignas alipoinama kuibeba aliishika kwenye bawa, na Fidelis akaenda kumtoa mkono taratibu, akamwonyesha pa kushika, chini, karibu na injini, mahali penye mwanzi.

"Hapa, shemeji," akasema. "Bado ina moto, ishike mbali na nguo."

Kisha akaiachia.