Njia Ndefu ya Kupanda Asego

Mke wangu alipoondoka alichukua sanduku lake la bati na mwiko. Sanduku nililielewa. Mwiko ndio ulionitia wazimu, kwa sababu ulikuwa mmoja tu nyumbani, na jioni ile nilisonga ugali kwa rula ya ofisini. Ulitoka na doa la wino katikati. Niliula hivyo hivyo, nikijiambia kwamba ninaishi raha mustarehe.

Kosa lilikuwa langu, ingawa wakati ule nisingelikubali hata kwa viboko. Tulikuwa tukiishi Homa Bay, miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa karani mdogo katika ofisi moja ya serikali. Mkubwa wangu alikuwa mtu wa Pwani, mnene, mcheshi, asiyejua neno hata moja la Kijaluo. Jumapili moja nilimkaribisha chakula cha mchana. Mke wangu akapika samaki, ngege wakubwa wawili kwa mchuzi mzito, na ugali wa mtama. Mgeni akala mpaka akalegeza mshipi, kisha akauliza ni nani aliyemfunza mama huyu kupika namna hii.

"Mimi mwenyewe, Mzee," nikajibu. "Alikuja hapa hajui hata kuchemsha maji."

Mke wangu alikuwa mlangoni, ameshika birika la kunawia. Alitunawisha mikono, akamuaga mgeni kwa heshima zote. Kisha akaenda kwa mama yake.

Kwa mama yake hapakuwa mbali, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Boma lao lilikuwa kwenye mteremko wa mlima Asego, ule unaouona ukisimama popote mjini, na mtu angeweza kwenda na kurudi kabla uji haujapoa. Lakini kwetu Wajaluo mwanamume hazoeani na mama wa mke wake. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakiona watakutana njiani, mmoja huacha njia akaingia kichakani. Baba mkwe alikuwa amefariki na shemeji wa kiume sikuwa nao, kwa hiyo kumfuata mke wangu kulikuwa na maana moja tu: kusimama mbele ya maro, yaani mama mkwe, na kumweleza habari ya wale ngege. Nilikata shauri kungoja. Ofisini nilisema mke wangu amekwenda kusaidia kuvuna mtama. Mvua zikaanza, watu wakapanda, wakapalilia, na mke wangu bado alikuwa anavuna.

Ndipo mkubwa wangu akaniita mezani kwake.

"Daktari kaniambia nina mafuta mengi mwilini," akasema. "Kila Jumamosi nipande mlima. Nawe ndiwe mwenyeji wangu. Nataka njia yenye mandhari, bwana wee, nisipande tu kama mbuzi."

Nilimpendekezea matembezi ya bandarini. Akasema bandarini hakuna mwinuko. Nikamsifia milima ya Ruri. Akaniuliza kama nitambeba mpaka huko. Basi ikawa Asego.

Njia fupi ya kupanda Asego ilianzia nyuma ya soko na kupita kando ya jiko la mama mkwe, karibu kiasi cha kunusa kinachopikwa. Hiyo sikuitaja kabisa. Jumamosi ya kwanza, tulipofunga ofisi saa saba, nilimzungusha upande wa ziwani, kwa njia ya mbuzi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuipita. Kila tulipofika mahali nisipojua pa kuendelea, nilisimama na kunyoosha mkono. Hapa, Mzee, ndipo watu huja kuutazama Mlima Homa ng'ambo ya ghuba. Hapa ndipo meli huonekana vizuri ikiacha gati. Yeye alisimama mikono kiunoni, anahema, anasema "Subhanallah," nami nikapata nafasi ya kutafuta njia kwa macho.

Jumamosi ya pili nilimwona mama mkwe. Alikuwa mbele yetu, upande ule ule wa ziwani, ameinama anakata kuni. Nilimvuta mkubwa wangu kwa shati mpaka chini.

"Kuna nini?"

"Ndege, Mzee. Ana mkia wa dhahabu. Ukisimama, anaruka."

Tulilala kifudifudi kwenye majani yenye siafu muda ambao sipendi kuukumbuka. Mama mkwe alipotoweka, mkubwa wangu aliinuka, akajikung'uta, akatangaza kwamba amemwona yule ndege. Ningefanya nini? Nikamwambia hata mimi nimemwona. Jumatatu ofisi nzima ilikuwa na habari za mkia ule, jioni zikafika sokoni, na mhasibu akaniuliza njia.

Kwa hiyo Jumamosi ya tatu nikaenda mbali zaidi, nyuma kabisa ya mlima, ambako hata mbuzi hufikiri kwanza. Huko kuna mahali njia inapita katikati ya mawe mawili makubwa, na mtu hupenya kwa ubavu. Nilikuwa nimetangulia. Nikaingia kati ya yale mawe, nikatazama mbele, na pale, mzigo wa kuni kichwani, umenasa kwenye mawe, alikuwa mama mkwe.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka miba. Nilijikuta kichakani nyuma ya jiwe, suruali yangu ya kazi imechanika gotini, nikisikia mzigo wa kuni ukianguka. Mama mkwe aligeuka akakaa chini, akitupa mgongo, akavuta leso akajifunika kichwa. Mkubwa wangu alibaki amesimama kati yetu, anatazama huku na huku.

Mama hakuweza kusema nami. Lakini mgeni alikuwepo, basi akasema na mgeni, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe bwana mukubwa, ambia huyo mutu iko kwa miba. Mimi nakata kuni mbele ya mlima, nasikia yeye napanda mlima. Nasema, wacha mimi napea yeye heshima, naenda kando ya ziwa. Yeye nakuja kando ya ziwa! Leo nakuja huku nyuma, mbali, mugongo nauma. Yeye huyu hapa!"

Mkubwa wangu aligeukia kichaka. "Mama anasema hivi..."

"Nimesikia, Mzee."

"Nyamaza, sijamaliza. Mama anasema amekupisha mlima mzima kwa adabu, nawe umemfuata kila alikokimbilia."

Kumbe tulikuwa tumekimbizana kwa heshima kwa majuma matatu. Nilitaka kucheka, lakini aliendelea, na sauti ikawa ya chini.

"Ambia yeye, bibi yake iko. Kila Jumamosi nakaa juu ya jiwe nyuma ya jiko, naangalia yeye nazunguka, nacheka. Jumamosi hii hapana cheka. Shangazi yake ya Uriri naita huyo bibi, nakaa huko, nauza sokoni. Kesho asubuhi nachukua basi ya Migori. Sanduku nafungwa."

Mkubwa wangu alianza kunitafsiria, akaacha. Mimi nilikuwa nimengoja kama mtu mwenye muda wote duniani, kumbe nilibakiwa na jioni moja.

"Na ambia yeye," akasema, "aseme kwa wewe, nani nafundisha mutoto yangu kupika."

Miba ilikuwa inanichoma, lakini nadhani ningependa kukaa humo zaidi.

"Si mimi, Mzee," nikasema. "Mimi sijui hata kusonga ugali. Nasonga kwa rula."

"Rula ya serikali?"

"Ndiyo, Mzee."

Mama mkwe aliufunga mzigo wake upya bila kugeuka. Akauweka kando, akaukalia. "Mimi nangoja hapa," akamwambia mgeni. "Nachelewa kurudi. Nyumbani hakuna mama. Yeye naweza kupita."

Mkubwa wangu akakaa juu ya jiwe karibu naye, akaanza kumsimulia habari za Mombasa, ambazo sidhani alielewa hata nusu.

Nilizunguka mlima mbio mpaka juu ya boma, kisha nikateremka kwa njia ile fupi. Ghuba yote ilikuwa wazi chini yangu, na mji, na mabati ya soko, na Mlima Homa ng'ambo, na nilijilaumu kwa kumtembeza yule mzee kwenye miba wakati haya yote yalikuwa hapa. Mke wangu alikuwa ameketi juu ya jiwe nyuma ya jiko. Alitazama suruali yangu, akatazama uso wangu.

"Ndege umemwona?" akauliza.

Nilimwomba msamaha kwa maneno machache. Aliingia ndani akatoka na mwiko, akanipa niushike, kisha akaenda kuchukua sanduku.

Tulipofika sokoni nilitazama nyuma. Kutoka pale, ule upande wa nyuma hauonekani, lakini nilijua mama mkwe yuko, amekalia kuni zake juani, amenipa nyumba yake mwenyewe nipite. Nilikuwa mkwe wake kwa zaidi ya miaka ishirini. Uso wake sikuwahi kuutazama vizuri, na sikuwahi kumwambia asante. Ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nitakueleza ule mgongo.