Kibanda cha Futi Saba kwa Tano
Mehitabel Stoddard alikuwa mfumaji pekee wa Hallowfield, koloni la Massachusetts, na alifika miaka arobaini bila mume. Si kwamba wachumba hawakuja. Kila aliyekuja alitaka kujua Eliphalet atapelekwa wapi, naye akamwonyesha njia ya kurudia.

Eliphalet alikuwa mdogo wake, na akili zilimruka tangu ujanani. Hakuwahi kumgusa mtu. Lakini Jumapili moja, mwaka 1741, alisimama katikati ya mahubiri akamwambia mchungaji kwamba hayo alishayasema wiki iliyopita. Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililowakera zaidi.

Wazee wa mji wakakaa, wakapiga kura: kijengwe kibanda uani kwa Mehitabel, futi saba kwa tano, bila dirisha, na mnyororo ndani. Eliphalet afungiwe humo mpaka afe. Na wenyewe, bila haya, wakajiona wenye huruma.

Kibanda kilipokwisha, Mehitabel aliingia akajilaza sakafuni kukipima. Alipotoka alichukua nyundo, akang'oa mlango.

Siku ya mkutano wa mji walipita barabara kuu wameubeba, yeye mbele, Eliphalet nyuma, wakautua juu ya meza ya wazee.

"Bi Mehitabel, humu wanawake hawasemi," alisema Mzee Crane, mwenyekiti wao.

"Sijaja kusema. Nimewarudishia mlango wenu."

"Na huyu kichaa unamtembeza bila ulinzi?"

"Amepita mbele ya nyumba zenu zote. Nani kaumia?"

Crane akasema kura ni kura, mtu atafungwa leo.

"Basi tufungeni wote wawili. Tutalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu. Ila baridi hiyo inakuja, mablanketi yenu mtajifumia."

Eliphalet akawauliza kwa adabu kama wanataka mlango uegemezwe ukutani. Wazee walinong'onezana, wakaahirisha hadi mkutano wa mwaka ujao.

Mwaka uliofuata wakaahirisha tena, na uliofuata, kwa miaka ishirini na sita, na kila mwaka Mehitabel alisimama mlangoni kuwasikiliza. Eliphalet alifia kitandani kwake, mkono wake umeshikwa na dada yake. Walipomaliza kuzika, Mehitabel hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa wazee na nguo zake za msiba.

"Ile kura yenu," aliwaambia, "sasa ifuteni."