Fimbo ya Zamu

Wanafunzi wa misheni pale Kasongo walimwogopa zamu, yule mlinzi wa lango, kuliko Padiri mwenyewe. Kila alipozunguka uwanja aligonga ukuta kwa fimbo, ko, ko, ko, na watoro wakatawanyika kabla hajafika. Adhuhuri moja Atumani, mwanafunzi aliyezoea kuswali kwa kujificha nyuma ya jiko maana misheni ilikataza, alikuwa amesujudu aliposikia fimbo ikigonga kwa nguvu kuliko siku zote. Akaganda. Sauti ya Padiri ikauliza: "Nani iko kule?"

"Hakuna mutu, Padiri," zamu akajibu kwa sauti yake nzito. "Iko mbuzi yangu tu."

Kesho yake Atumani alikuta nyuma ya jiko kopo la maji ya kutawadhia. Zamu alisimama langoni, fimbo kwapani.