Wasifu wa Mzee wa Bahati

Mwaka wa 2007 binti yangu alikuwa na kibanda cha kuchapa hapo mtaani Rhonda. Kazi iliyomlisha ni mazishi. Mtu akifa wasifu wake unachapwa, na kabla haujachapwa kila jamaa anapita kuchungulia ametajwa wapi.

Wiki hiyo aliandika wasifu wa mzee mmoja wa upande wa Bahati aliyeacha wake wawili. Ndugu ya marehemu akaja, akavuta kiti mbele ya kompyuta kama yake.

"Siste, huyo mke mdogo na watoto wake toa. Karatasi ni ndogo."

Binti yangu akakataa. Aliporudi kutoka kunywa chai akamkuta ameshika kipanya. Hasira zikampanda. Akaingia kwa jina la msimamizi, lile lenye ruhusa ya kila kitu, akaifanya folda yake nzima, yenye kazi zake zote, kuwa ya msimamizi peke yake. Wengine wote wasisome, wasiandike. Akalala usingizi mzuri.

Asubuhi ya mazishi mke mdogo alitutangulia mlangoni, mtoto mgongoni. Bila karatasi, shemeji yake, yule ndugu ya marehemu, angesema kwa mdomo, na kwa mdomo wake watoto hao hawakuwa wamezaliwa.

Binti akaandika neno la siri. Kompyuta ikakubali, ikazima kidogo, ikamrudisha palepale pa kuuliza jina. Tena vilevile.

"Umesahau neno lako?" nikamuuliza.

"Mum, sijasahau. Inanikubali, lakini folda yangu hainiruhusu. Nilijifungia nje."

"Kwa hivyo mwizi umemzuia."

"Mum, tafadhali."

"Na mwenye nyumba pia. Hiyo kufuli haina ubaguzi."

Mke mdogo hakucheka. Akanigeukia kama bibi yake, "Shosho, gari linatoka mochari saa nne."

Binti akafungua skrini nyeusi isiyo na picha, akaingia kwa jina la msimamizi, akairudisha folda iwe yake, akajipa ruhusa ya kusoma na kuandika. Maneno machache tu. Kwa jinsi alivyozigonga herufi nilitarajia angalau moshi. Alipoingia tena kwa jina lake, kompyuta ikamfungulia, na karatasi zikatoka zikiwa moto.

Kaburini shemeji ndiye aliyepewa kusoma, ndiyo desturi. Alipofika kwa mke mdogo akakohoa, akataka kugeuza ukurasa. Lakini waombolezaji wote walikuwa na karatasi zao, wanafuatisha kwa kidole kama darasa la kwanza. Akawasoma watoto wote, polepole, kama mtu anayemeza kwinini.