Buyoga ya kiwanja cha garaji

Leo nilitupa sufuria nzima ya buyoga mbele ya bageni.

Tangu tukimbie vita ya Eringeti, tuko na kiwanja kimoja tu cha kulima, hapa Butembo. Zamani ilikuwa garaji. Udongo umejaa mafuta ya gari, hata mududu hapana.

Mujukuu wangu Kavira alifukia pale miti ya kuoza yenye buyoga ya pori. Ati buyoga itakula mafuta, udongo upone.

Leo ikaota mingi. Mimi nikapika.

Kavira akaingia: « Koko, hapana kula. Hiyo ilikula mafuta ya gari. »

Bageni wakaniangalia.

Bon, nikaenda na hasira kung'oa miti yake yote.

Chini ya muti wa kwanza, munyoo wa udongo, muzima, anatembea.

Nikarudisha muti polepole, kama ninafunika mutoto.

Bageni bangu, munisamehe. Mutarudia siku kiwanja hiki kitatoa maharagi.