Medali ya Mama Chinois

Juma lililopita hapa Kamina, wakubwa walimwita ukumbini mkunga Mfilipino ili wamvishe medali ya utumishi. Mama huyo amezalisha wake za askari wa Base, kambi ya jeshi ya hapa, miaka na miaka. Alikaa nyuma kabisa, katikati ya wanawake hao, amempakata mtoto wa mmoja wao.

Msemaji wa sherehe alitazama jina lake kwenye karatasi, likamshinda kutamka. Akapaza sauti: "Tunaita Chinois yetu, ule anasaidiaka bamama! Akuye mbele!"

Mstari wa kwanza alikuwapo Mchina muuza mabati, aliyealikwa kwa kuwa alitoa soda. Kusikia Chinois, yaani Mchina kwa Kifaransa, akatazama kulia na kushoto, akafunga kifungo cha koti, akaenda. Akavishwa medali. Tarumbeta zikalia.

Mkunga naye alipiga makofi. Mimi niliyekaa karibu naye nikamuuliza kwa hasira, "Mama, juu ya nini weye ulinyamaza?"

"Miaka yote munaniitaka Chinois, minyi naitika," alisema, akimbembeleza mtoto. "Leo mumeita Chinois, na Chinois ameitika. Kosa yake iko wapi?"

Sisi tunaomtofautisha Muluba wa ziwani na Waluba wengine kwa kumsikia akikohoa tu, Asia nzima tumeitia katika gunia moja, tukashona mdomo.

Mke wa sajini aliyekaa kando yetu machozi yalimlengalenga. Akamshika mkunga mkono.

"Pole," alimwambia. "Pole sana, Mama Chinois."